Editha Aliyekataa Kufa Sandukuni

Kwa miaka tisa Editha alikatwa vipande viwili kila Jumamosi, na siku nyingine za wiki pia ikiwa kuna shule iliyowakaribisha. Kila mara alifufuka, akajifunga khanga, akarudi nyumbani Tandika kupika. Aliyemkata alikuwa mumewe wa ndoa, Kasiani Nandonde, ambaye kwenye karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme toka Tandika mpaka Mbagala alijiita Profesa Kasi wa Bombay, bingwa wa mazingaombwe. Bombay hakuwahi kufika. Alizaliwa Nachingwea, akaja Dar es Salaam kuchonga vinyago Mwenge, na uprofesa alijipa mwenyewe mwaka 1984, wiki ile ile alipomaliza kulitengeneza sanduku.

Sanduku hilo sharti nilieleze, maana ndilo lililoleta mambo yote. Lilikuwa la mninga mtupu, halina msumari hata mmoja, viungo vyake vimeumana kama meno ya mtu mwenye hasira. Editha alilala ndani, kichwa kikatokeza upande huu, nyayo zikatokeza upande ule, na Profesa akapitisha msumeno katikati. Watoto walilia, akina mama walijifunika nyuso, wanaume walisogea mbele waone vizuri. Siri yake siivunji mimi. Editha mwenyewe aliivunja mbele ya watu, kama mtakavyosikia. Mwili wake wote ulijikunja kwenye nusu ya juu, magoti yamegusa kidevu, na zile nyayo za upande wa pili zilikuwa za mbao. Kasiani alizichonga kwa mti wa mkongo, akazipaka rangi, akaziwekea kucha na hata kovu dogo karibu na kifundo. Uzi mwembamba wa nailoni ulipita chini ya ubao. Editha akiuvuta, vidole vya mbao vinacheza.

Shida ni kwamba vipimo vya sanduku vilichukuliwa kwa Editha wa miaka kumi na tisa. Baadaye akazaliwa Leonardi, akazaliwa Eufrazia, akazaliwa Fransis, na mama yao akaanza biashara ya vitumbua, ambavyo alivionja kwanza kabla ya kumuuzia mtu. Kufikia mwaka 1993 Editha alikuwa mwanamke kamili wa miaka ishirini na minane, na sanduku lilikuwa lile lile.

Mwaka huo, mwezi wa pili, katika shule moja ya msingi hapo hapo Tandika, alikwama. Kuingia aliingia, kukatwa akakatwa, lakini kifuniko kilipofunguliwa afufuke, goti la kulia lilikuwa limejibana chini ya mbavu na halikutaka kutoka. Kasiani alimvuta mkono mmoja huku akiwaambia wanafunzi kwamba roho ya mama imechelewa kurudi, iko njiani. Roho ilifika baada ya walimu wawili wa kiume kusaidia kuvuta.

Jioni ile Editha alisema, "Baba Leonardi, sanduku limekuwa dogo."

"Sanduku ni mbao," Kasiani alijibu. "Mbao haikui."

"Basi tengeneza lingine."

"Hili lina kosa gani?"

"Halina kosa. Ni dogo."

"Umesema mwenyewe halina kosa. Sasa mie nitatengenezaje lingine wakati hili halina kosa? Wewe punguza vitumbua."

Haikuwa ubahili. Pale Mwenge Kasiani alichonga vinyago vya tembo na twiga kwa mamia, vikaondoka na wageni wasioijua hata sura yake. Sanduku lilikuwa kitu pekee alichokitengeneza maishani asikiuze, na kuambiwa kwamba limepitwa ilikuwa kama kuambiwa kwamba yeye mwenyewe amepitwa. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mabanda ya video yalikuwa yameota kila mtaa, yanaonyesha karate kuanzia asubuhi, na vijana walikuwa wameanza kumwambia waziwazi kwamba kukata mtu mmoja si kitu, kwenye video wanakatwa arobaini kabla ya chai.

Basi Editha akaendelea kuingia kwenye sanduku dogo, na mgongo ukaanza kumuuma.

Vitumbua vyake alivipeleka kila asubuhi Chang'ombe, na nyumba yake ya mwisho ilikuwa ya Mama Nirmala, mjane wa Kihindi aliyepita miaka sabini. Mama huyu alizaliwa Lindi, ambako baba yake aliuza nguo, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Lindi, na akikasirika alitukana kwa Kimwera. Editha, aliyekielewa Kimwera, alimpenda kwa sababu hiyo. Asubuhi moja aliinama kuweka ndoo ya vitumbua chini, akabaki pale pale ameinama.

"Shikamoo mama," alisema akiitazama sakafu.

"Marahaba. Weye Editha, umepoteza sindano?"

"Mgongo, mama. Hauinuki."

Mama Nirmala akamuuliza kazi gani inayoharibu mgongo namna hiyo. Editha alikuwa amemwapia mumewe kwamba hatamwambia mtu, lakini mtu aliyeinama hana nguvu ya kuficha mambo. Alieleza yote, sanduku, magoti, na miguu ya mbao. Mama Nirmala alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akafuta machozi, akasema, "Ingia ndani, ulale chini."

Ndivyo yoga ilivyoingia katika mazingaombwe ya Tandika. Mama Nirmala alirithishwa yoga na baba yake, na kila alfajiri alitandika mkeka akaifanya, ingawa magoti yake mwenyewe yalikuwa yameshagoma. Editha alidhani ataonyeshwa namna ya kujikunja. Badala yake mwezi mzima hakufundishwa chochote ila kupumua.

"Mama, kupumua najua," alilalamika. "Nimeanza zamani."

"Ulianza vibaya," alisema Mama Nirmala. "Tena polepole. Itoe yote. Usiniibie."

Alivuta, akatoa. Baada ya mwezi huo akafundishwa kukunja nyonga, kulegeza mabega, kuliacha goti liende linakotaka badala ya kulilazimisha. Kufikia mwezi wa sita aliingia sandukuni kama barua inavyoingia kwenye bahasha, na siku moja alijikuta ana nafasi ya kujikuna. Kasiani aliona mkewe hakwami tena, akatangaza nyumbani kwamba ndiyo faida ya kupunguza vitumbua. Editha hakuwa amepunguza hata kimoja.

Lakini siku Editha alipomwambia mwalimu wake kwamba sasa amefuzu, Mama Nirmala alitikisa kichwa.

"Kukunja mwili ni ngazi ya tatu," alisema. "Weye umeingia nyumba ya watu kwa dirishani. Sasa rudi mlangoni."

Mlangoni palikuwa na makatazo matano: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, usijiendekeze, usilimbikize. Bila hayo, alisema, mwili unakunjika lakini mtu mwenyewe amebaki amenyooka kama ufito.

"Sie kanisani tunazo amri kumi," Editha alisema.

"Na unazishika?"

"Nyingine."

"Basi hizi ni tano tu. Shika hiyo ya pili. Mtu akisema uongo pumzi hukatika. Nenda ukajisikilize."

Editha alikwenda akajisikiliza, na akashtuka. Mteja alimuuliza kama vitumbua ni vya leo, akasema ni vya leo, na pumzi ikajikwaa mahali fulani kati ya kifua na shingo. Akarudia kesho yake kwa makusudi, ikajikwaa tena pale pale. Usiku akamsikiliza mumewe akieleza jinsi alivyoshinda Mwenge akichonga bila kupumzika, akasikia pumzi yake ikiruka kama redio yenye betri mbovu. Tangu hapo Editha akaamua kusema kweli, na wa kwanza kuipata alikuwa jirani yake, Mwanabaraka.

Mwanabaraka alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, nyumba yao iko Tandika tangu kwa babu yake, na alikuwa na mke mwenza asiyempenda. Alikuja jioni moja na kigoda chake, akakisogeza karibu.

"Shoga, nina ombi. Mwambie Profesa amkate yule mwanamke mwenzangu."

"Makubwa!"

"Amkate tu kama anavyokukataga weye. Ila asimuunganishe."

Zamani Editha angecheka, akasema atamfikishia Profesa. Sasa akavuta pumzi. "Jirani, nikwambie kweli. Hakuna anayekatwa. Ni kiini macho, ujanja wa mikono na sanduku. Mume wangu hana uchawi wowote, hata panya wa jikoni kwetu wanamshinda."

Mwanabaraka aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa jambo zito. "Haya," alisema. "Sawa. Wenye navyo ndivyo wanavyosemaga."

Kesho yake asubuhi alimwamkia Editha shikamoo, ingawa ni yeye aliyemzidi Editha miaka kumi.

Lililomsumbua Editha zaidi lilikuwa sanduku. Kila onyesho, msumeno ukishapita, Kasiani aliwanyamazisha watu akauliza kwa sauti ya kutisha, "Mwanamke, unasikia nini?" Na kwa miaka tisa Editha alijibu, "Nasikia nakufa, Profesa!" Hiyo tu ndiyo iliyokuwa sehemu yake ya kuzungumza. Alimwuliza Mama Nirmala kama ni uongo.

"Uongo wa mumeo weye haukuhusu," Mama Nirmala alisema. "Aseme atakalo, huo ni mzigo wake. Lakini hayo maneno, nani anayasema?"

"Mie."

"Na unakufa?"

"Sifi, mama."

"Basi," alisema, akaendelea kuchambua dengu zake.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane walialikwa Wazo. Uwanja wa mpira ulijaa, wafanyakazi wa kiwanda cha saruji na familia zao, vumbi jeupe kwenye nyusi za kila mtu. Kasiani alivaa joho lake jeusi, akatoa leso mdomoni, akapoteza yai, akalipata sikioni mwa mwanamke mmoja. Halafu likaja sanduku. Editha akaingia, akajikunja, vidole vya mbao vikacheza kuwasalimu watu. Msumeno ukapita mara ya kwanza, ukapita mara ya pili. Kasiani akainua mkono, uwanja ukatulia.

"Mwanamke! Unasikia nini?"

Editha alifungua kinywa aseme anakufa, na pumzi ikakwama kooni kama mwiba wa samaki. Akaitoa yote, akavuta upya.

"Nasikia joto," alisema.

Kasiani alidhani amesikia vibaya. "Nasema, msumeno umekupita tumboni! Unasikia nini?"

"Joto, baba Leonardi. Na bega la kushoto linawasha."

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka magolini. Kasiani alitoa jasho chini ya joho. "Ndugu zangu!" alipaza sauti. "Mwili umeshakufa! Hiyo inayosema ni roho!"

"Sijafa jamani," Editha akasema. "Wala sijakatwa. Ni kiini macho tu, msiogope."

Kijana mmoja aliyevaa ovaroli alikuwa amesimama mbele kabisa, karibu na nyayo. "Sista," aliuliza, "kama hujakatwa, hii miguu huku ya nani?"

"Ya mbao. Kaichonga huyo huyo."

Editha alishtuka kujisikia akisema hivyo, na kwa mshtuko mkono ukavuta uzi, vidole kumi vya mbao vikacheza vyote kwa pamoja.

"Mbao gani inacheza vidole!" kijana akapiga kelele. "Muongo huyu! Kafa!"

"Kafa, anabisha!" watu wakaitikia.

Mzee mmoja mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono alitoka kwenye kundi, akawaambia watu watulie, yeye ni fundi seremala wa miaka thelathini na mbao anaijua. Akainama karibu, akanyoosha kidole, akaugusa unyayo. Dakika hiyo hiyo msuli wa paja ukambana Editha, akaruka, uzi ukavutika wote, na mguu wa mbao ukampiga mzee teke la kidevu. Alikimbia hadi katikati ya uwanja, ndara moja imebaki. Watu walianguka kwa kicheko. Walitaka mwanamke akatwe tena, abishe tena, na Kasiani alipokataa walimzuia kufunga mizigo mpaka alipokubali. Akamkata mara tatu. Mara zote tatu Editha akasema hajafa, na mara zote tatu hakuna aliyemwamini.

Kasiani alinuna siku tatu. Siku ya nne alilikunja joho, akaliweka juu ya kabati, ndipo akafungua kinywa.

"Nimekukata miaka tisa hujawahi kuniaibisha."

"Watu walifurahi, baba Leonardi."

"Walicheka! Mchawi hachekwi."

"Wewe si mchawi."

"Nani alikuwa analijua hilo kabla hujasema?" Sauti ikashuka. "Na ile miguu. Ile miguu niliichonga miezi miwili, mama Leonardi. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kujua ni mbao. Wewe ukaitangaza kama unauza kuni."

"Na hata nilipoitangaza hawakuamini," Editha alisema. "Mpaka fundi seremala hakuamini."

Kasiani hakuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo, lakini alikuwa na hasira mno kuipokea. Alichukua patasi zake akaenda Mwenge, akatangaza kwamba mazingaombwe yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu wiki ile ile walikuwa na ahadi ya kwenda shule moja Bunju. Mwalimu mkuu, Mwalimu Wilbert, alishawatangazia wanafunzi, na wanafunzi walishawatangazia wazazi. Editha aliona kwamba kutokwenda ni uongo wa namna yake. Kujikata mwenyewe asingeweza. Ila alikuwa ameyaona mazingaombwe madogo ya mumewe mara mia, ya yai, ya kamba na ya leso, ingawa aliyaona kwa nyuma tu, akiwa kando ya sanduku. Alijua vitu vinakofichwa. Hakujua kabisa vinavyoonekana kwa mtu wa mbele.

Alimpelekea Mama Nirmala yai.

"Mumeo hufanyaje?"

"Analificha kushoto, halafu anapiga kelele kulia."

"Weye usipige kelele. Weye utazame mkono wa kulia kana kwamba yai limo. Tazama mpaka uusikie uzito wake. Akili ikikaa mahali pamoja kweli kweli, na za wenzio zitakuja kukaa hapo hapo. Yoga ni hiyo. Kuna watu wameipata wakaenda kutambia nguvu sokoni, wakapotea. Usiende kutamba."

"Mie nguvu sina, mama. Nina yai."

Siku ya kwanza aliutazama mkono wa kulia kwa bidii hata akausahau wa kushoto, akalipasua yai kiganjani. Siku ya pili akapasua manne. Siku ya tatu mkono wa kushoto ukaanza kufanya kazi zake wenyewe, kimya, bila kumsumbua.

Alikwenda Bunju kwenye lori la mchanga, na kapu. Watoto mia tatu walikaa chini uwanjani, na Mwalimu Wilbert, mtu mrefu mwenye viatu vilivyong'arishwa, alisimama pembeni akitafuta kwa macho aone Profesa anatokea wapi.

"Hamjambo watoto?" Editha alianza. "Mie naitwa Editha, nauza vitumbua Temeke. Sina uchawi. Nina mikono miwili, na nimejifunza kupumua. Nitawachezea kiini macho, mkijua ujanja mseme."

Mwalimu Wilbert alionekana kusikitika. Yeye alikuwa ameahidi Bombay.

Editha akashika yai, akalipitisha mkono wa kulia, akaufunga, akautazama. Aliutazama hata akausikia uzito na ubaridi wa ganda. Mia tatu wakautazama. Alipoufungua haukuwa na kitu, watoto wakapiga yowe. Akafungua wa kushoto ili awaonyeshe ujanja. Nao haukuwa na kitu.

"Liko wapi?" watoto wakauliza.

"Sijui," alisema Editha.

"Muongo!"

"Kweli sijui. Lilipaswa kuwa hapa."

Akakung'uta mikono ya gauni. Akaangalia ndani ya kapu. Wasiwasi ulimpanda, na watoto walipouona wasiwasi ule, wasiwasi wa kweli wa mtu mzima aliyepoteza yai, walipata wazimu wa furaha. Alimwomba Mwalimu Wilbert aangalie mifukoni, naye akaangalia kwa vidole viwili, kama mtu anayetegemea nyoka. Mwisho Editha aliinama kuchungulia chini ya meza, na yai likachomoka kwenye mkunjo wa khanga kiunoni, ambako mkono wa kushoto ulikuwa umelichomeka bila kumtaarifu mwenyewe. Lilipasukia kwenye kiatu cha Mwalimu Wilbert.

Watoto hawakunyamaza kwa robo saa nzima. Mwalimu Wilbert alikitazama kiatu, kisha akamtazama Editha, na alipomsindikiza barabarani alitembea hatua tatu nyuma yake.

Editha alirudi kwa Mama Nirmala na swali jingine. "Mama, mdomo wangu haukusema uongo. Lakini mkono?"

Mama Nirmala aliwaza asubuhi nzima. "Uliwaambia yai liko kulia?"

"Sikusema kitu."

"Macho yao nani aliyapeleka huko?"

"Waliyapeleka wenyewe."

"Basi niache ninywe chai."

Habari zilifika Mwenge. Kasiani alijifanya hasikii, lakini mwezi wa kumi, Editha alipoitwa kwenye sherehe ya mavuno ya kanisa moja Pugu, alitia kofia mpaka kwenye nyusi, akamfuata kwa siri, akasimama nyuma kabisa ya watu. Alikuwa ameapa kwamba hautazami mkono wa kulia. Yai lile alilijua yeye, alilifanya miaka tisa, linakwenda kushoto, hata angeamshwa usingizini angesema. Akaukazia macho mkono wa kushoto. Editha akaufunga wa kulia, akautazama, uso umetulia kama wa mtu anayemwangalia mtoto aliyelala. Na Kasiani akashtukia yeye pia anautazama wa kulia, na hajui tangu lini.

Watu walipotawanyika alimsogelea mkewe, akavua kofia.

"Yai lilikwenda wapi?"

"Unauliza wewe, Profesa?"

"Nauliza mie, Kasiani."

Editha akamwambia. Walitembea kidogo njia ya kuteremka, Kasiani amelichukua kapu. "Uso wako," alisema Kasiani. "Ulikuwa unaliona kule lisikokuwepo."

"Nilikuwa naliona."

"Mie miaka yote nilikuwa naona watu tu, kama wananiamini au hawaniamini."

Asubuhi yake alimsimamisha mkewe uani na kamba ya kupimia. Alizungusha kiunoni, akasoma, akapiga mluzi.

"Sema kweli," Editha alimwambia.

"Litakuwa sanduku kubwa," alisema Kasiani.

Kazi ilichukua wiki sita. Miguu nayo aliichonga upya, safari hii mkewe amekaa mbele yake jioni kwa jioni, nyayo juu ya kigoda. Ilipokamilika Editha aliitazama akanuna. Ilikuwa mipana, ina visigino vilivyopasuka vya mwanamke anayetembea na vitumbua toka Tandika mpaka Chang'ombe.

"Hii mipasuko ya nini?"

"Si wewe ndiye umetaka kweli?" alisema Kasiani, na siku hiyo ilikuwa zamu yake kucheka.

Tangu hapo walifanya kazi pamoja kwa namna mpya. Kasiani alidanganya, maana alikuwa na kipaji na kukiacha ingekuwa hasara, na Editha alikanusha. Kasiani alisema ametoka Bombay. Toka ndani ya sanduku sauti ikasema ametoka Nachingwea. Alisema msumeno huu ulibarikiwa na majini saba. Sauti ikasema umenunuliwa Kariakoo na bado haujanolewa. Kitambo kirefu, hata televisheni zilipoingia mitaani, watu wa Temeke na Kinondoni waliendelea kuwaita "wale wanaobishana", na kwenye harusi walipewa nafasi kabla ya pilau. Mwanabaraka alikaa mbele kila walipocheza Tandika, akiwaambia waliokaa karibu naye, "Mie nawajua hawa. Hayo ya mbao wanazugia tu."

Mwaka 1996 mgongo ulimshika Kasiani mwenyewe, kwa kuinama kwenye magogo. Editha akampeleka Chang'ombe. Kasiani alimwamkia Mama Nirmala kwa adabu zote, akaeleza kwamba maumivu si makubwa, yeye kwa asili ni mtu wa mazoezi, na ujanani alikuwa karibu kuchezea timu ya mkoa.

"Atakuja kupumua," Mama Nirmala alisema, "lakini kwanza ashike hilo katazo la pili, aache uongo."

Kasiani aliwaza kwa dhati. Kisha akauliza, kwa heshima, kama inawezekana kuanzia na la tatu, lile la kutoiba, maana hilo tayari analiweza.

Mama Nirmala alisema jambo kwa Kimwera ambalo Editha alikataa kunitafsiria. Halafu akamlaza chali kwenye mkeka, akamwambia afumbe macho, ahesabu pumzi hadi ishirini bila kufikiri lolote. Alifika ya nane. Baadaye ikasikika sauti kama ya gogo linalopasuliwa polepole, Kasiani anakoroma, mdomo wazi, mikono imelegea kama ya mtoto.

Editha aliona aibu, akainuka amtikise.

"Muache," alisema Mama Nirmala. "Toka aingie humu ndani, hiyo ndiyo kauli yake ya kwanza ya kweli."

Wakateleka chai, wakala vitumbua vilivyobaki, wakimsubiri aamke.